Ulinzi Usiolipiwa: Maneno Akida, Mgambo na Sungusungu katika Historia ya Tanzania Bara

Makala haya yanahusu jambo ambalo wanahistoria wa fedha za serikali wamelizoea, na ambalo sisi tunaoshughulika na lugha hatujalitazama sana: namna serikali zilizotawala Tanzania Bara, tangu 1889 hata 1989, zilivyojaribu kupunguza gharama za ulinzi wa raia, na namna kila jaribio lilivyoacha neno lake katika Kiswahili. Nimechagua maneno matatu, yaani akida, mgambo na sungusungu. Hoja yangu ni fupi. Fedha iliyookolewa katika daftari la hazina haikutoweka, bali ilihamishiwa katika daftari jingine, ambalo aghalabu halikuandikwa na mtu. Na pale pasipo daftari, maneno yenyewe ni sehemu ya ushahidi tulio nao.

Yafaa kuanza na neno gharama. Katika Kiarabu, gharama ni fidia au faini, yaani mali anayolazimishwa mtu kuitoa kwa sababu ya deni au kosa. Kiswahili kimelegeza maana hiyo hata ikawa kila kinachotumika kwa ajili ya kupata kitu. Lakini maana ya asili haikosi faida kwetu, kwa kuwa yatukumbusha kwamba gharama haina budi kuwa na mtu aliyetwishwa. Serikali inaposema kwamba imepunguza gharama za ulinzi, mwanafunzi wa sarufi ana haki ya kuuliza ni nani aliyetuliwa mzigo, na ni nani aliyetwikwa.

Mtu asidhani kwamba ulinzi wa bure ni jambo la kishenzi lililotangulia ustaarabu wa polisi. Mwambao na bara, watu walilinda kwa zamu. Neno zamu, kama nionavyo mimi, limetoka baharini: manahodha wa Kiarabu, akina Ibn Majid wa karne ya 15, waliita zam muda wa saa tatu za usafiri, sehemu moja ya nane ya usiku na mchana, nao ndio muda wa mabaharia kupokezana kazi. Kwa hiyo zamu ina haki ndani yake: kila mtu aingiaye atatoka, na aliyelala atalinda wenziwe wakilala. Huko Uingereza nako, hata mwanzo wa karne ya 19, mlinzi wa parokia alikuwa raia aliyeteuliwa kwa mwaka mmoja bila ya mshahara, na matajiri walizoea kumlipa mtu mwingine ashike nafasi zao. Robert Peel alipounda polisi wa London mwaka 1829, alianzisha jeshi la watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Basi neno polisi lilipotufikia sisi lilikwisha kuwa na mshahara ndani yake. Tofauti ya polisi na mshika zamu ni hiyo kwanza, kabla ya bunduki na kofia.

Sasa nije kwa Wadachi, kama Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivyowaita katika utenzi wake wa kutamalakiwa kwa Mrima. Watu wa pwani walipoinuka mwaka 1888 chini ya Abushiri bin Salim, kampuni ya wafanya biashara wa Kijeremani iliyokuwa imejitwalia madaraka ilishindwa kabisa kujilinda, na mwanzo wa 1889 bunge la Berlin likatoa marki milioni mbili. Hermann von Wissmann akaenda Misri, akaajiri Wasudani waliokuwa wamekosa kazi baada ya vita vya Mahdi, akaongeza watu kutoka kusini katika nchi ya Msumbiji. Hao ndio askari wa kwanza wa serikali hiyo. Neno askari lilikuwako pwani kabla yao, ila kuanzia hapo lilipata sura mpya: mtu mgeni, mwenye bunduki, anayelipwa kwa fedha taslimu. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Lakini askari ni ghali. Serikali ya Berlin haikuwa tayari kulipa kila mwaka kama ilivyolipa 1889. Na hata mwaka 1914, baada ya miaka ishirini na mitano ya kutawala, jeshi lote lilikuwa na kampuni 14 zenye askari wapatao 2,500, na polisi wapatao 2,100, katika nchi ya karibu kilomita za mraba milioni moja, yenye watu wanaokadiriwa kuwa milioni saba na nusu. Hesabu hiyo haiwezi kuleta utawala. Katikati ya bwana wa boma na mwanakijiji palikuwa na pengo, na pengo hilo likazibwa na mtu wa bei nafuu.

Mtu huyo ni akida. Katika miji ya Mrima, kabla ya Wajeremani, akida alikuwa cheo cha heshima pamoja na jumbe, shaha na waziri. Alikuwa mkuu wa vijana na wa mambo ya vita, naye alipata cheo chake kwa ada, yaani kwa karamu na malipo aliyowapa wakubwa wa mji na watu wake. Kwa maneno mengine, akida wa zamani alilipa ili awe akida, na waliopokea malipo yake walikuwa na haki ya kumkumbusha. Wajeremani walilichukua neno, wakalitoa katika ada yake. Akida wao aliteuliwa na boma, akapelekwa hata mahali ambapo hakuwa na ndugu wala mtani. Aghalabu alikuwa mtu wa pwani, ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili. Na chini yake waliwekwa majumbe. Akapewa kazi ya kodi ya nyumba iliyoamriwa mwaka 1897, kazi ya kutoa watu wa barabara, kazi ya kuamua mashauri madogo, na kazi ya kukamata. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na jumbe alitegemea fungu katika kile alichokikusanya. Sisi wapenzi wa Kiswahili huzoea kusifu zama hizo kwamba ndizo zilizokieneza Kiswahili bara, na sifa hiyo ni kweli. Ila mara chache tunakumbuka kwamba kilienezwa kwa sababu kilikuwa rahisi kwa bei: karani Mswahili aligharimu sehemu ndogo sana ya mshahara wa karani kutoka Ulaya.

Ukitaka kuona daftari la pili, tazama Umatumbi na nchi zinazoizunguka. Tangu 1902 watu wa kusini mwa Dar es Salaam walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya ujima, siku 28 kwa mwaka, wakisimamiwa na majumbe na maakida. Mauzo yaligawanywa mafungu matatu, moja la wakulima, moja la wakubwa wa vijiji, na moja la chama cha maendeleo kilichosimamiwa na boma. Baada ya msimu wa kwanza fungu la kila mkulima lilikuwa senti 35, na wako waliokataa kulipokea. Hapa yaonekana wazi jinsi uchumaji na ulinzi vilivyotiwa katika mkono mmoja. Yule yule aliyepaswa kumlinda mwanakijiji na dhuluma ndiye aliyekula theluthi ya jasho lake, kwa kuwa mwajiri wake hakutaka kumlisha kwa njia nyingine. Katika mapokeo yaliyokusanywa na walimu na wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, wazee walizungumza habari za maakida na watumishi wao, na viboko vyao, kuliko habari za gavana.

Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba. Miongoni mwa walioandamwa kwanza alikuwa akida wa Kibata. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro mwanzo wa Agosti, lakini vita vilikwisha kusambaa, na gavana von Götzen, ambaye askari wake walikuwa wachache na wametawanyika, alilazimika kuomba msaada wa askari wa majini kutoka Ujeremani. Vita vya Maji Maji vilidumu hata 1907. Silaha iliyovimaliza ilikuwa njaa: vijiji na maghala yalichomwa kwa makusudi. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikuwa 75,000. Wanahistoria waliofuata wametaja 250,000 na hata 300,000. Sisemi kwamba vita hivyo vilitokana na mshahara mdogo wa akida peke yake. Sababu zilikuwa nyingi, na imani ya maji haiwezi kupimwa kwa rupia. Nasema tu kwamba mtu akikokotoa faida ya kutawala kwa maakida, akaishia mwaka 1904, atapata jibu ambalo mwaka mmoja baadaye halina thamani.

Neno nalo lilibeba alama. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa vita hivyo, nao ulichapwa mwaka 1957 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Na kwa watu wa kusini akida halikurudi tena kuwa cheo cha karamu. Nimewasikia wazee wakimwita mtu akida kwa kumkejeli, yaani mtu anayeamuru bila ya kuwa na asili ya kuamuru.

Zama za Waingereza nitazipita upesi. Walianzisha polisi ya Tanganyika mwaka 1919, wakaidharau sana njia ya maakida. Kisha Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya 1926 ya watawala wa kienyeji, akarudi kwenye hesabu ile ile kwa mlango mwingine. Mtemi na matarishi wake sasa walikuwa wajibu wa kuzuia maovu na kukamata wahalifu, na mishahara yao ilitoka katika hazina za wenyeji. Kwa bahati yao cheo cha mtemi kilikuwa na mizizi, hivyo hakikuvunjika kama cha akida. Vyeo hivyo vya watemi viliondolewa katika sheria mwaka 1963, na jambo hilo msomaji aliweke akilini, maana neno lenyewe litarudi.

Tanganyika huru ilikuwa na umri wa miaka miwili na mwezi mmoja wakati askari wa kambi ya Colito walipoasi, tarehe 20 Januari 1964, wakidai mshahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali ikapata mafunzo mawili kwa siku moja: kwamba askari wa mshahara aweza kuigeuzia serikali bunduki kwa ajili ya mshahara, na kwamba nchi maskini haiwezi kununua usalama wake wote. Katika mazingira hayo, na baada ya uvamizi wa Guinea mwezi Novemba 1970 na mapinduzi ya Idi Amin Januari 1971, Mwongozo wa TANU wa 1971 ukataka wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Jina likawa mgambo.

Kwa msomi wa lugha hili ni neno tamu. Kamusi za zamani zatwambia kwamba mgambo ni tangazo la hadhara, lile linalotanguliwa na mlio wa pembe, na kila mtoto ajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Waganda husema kugamba kwa maana ya kusema, na yamkini mizizi ni mmoja. Basi mgambo ulikuwa sauti kabla haujawa mtu. Ulikuwa katika ngeli ya mti: mgambo umelia, mgambo umepigwa. Leo twasema mgambo amekuja, na wakiwa wengi, mgambo wamekuja, kwa upatanisho wa viumbe hai ijapokuwa umbo la neno halikubadilika. Mabadiliko haya ya upatanisho si mchezo. Mwito wa kuwataka watu wote umegeuka kuwa kundi la watu fulani. Pembe ilipolia kila mtu alitoka. Mgambo akija, wengine hukaa ndani, na mwenye genge la mboga mjini hukusanya vitu vyake akakimbia.

Sheria ilifuata nyuma ya neno kwa mwendo wa polepole. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya fidia kwa mgambo aliyekufa au kuumia kazini, na mwaka 1975 sheria ya kumpa mamlaka ya kukamata. Naisifu ile ya 1973, ambayo haisifiwi mara nyingi. Hapo serikali ilikiri kwa maandishi kwamba ulinzi usio na mshahara una gharama, na kwamba sehemu moja ya gharama hiyo, iliyo kubwa kuliko zote, yapasa kurudi katika daftari la hazina.

Nafika sasa kwa neno la tatu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hazina ilikuwa tupu, silaha zilizagaa, na wizi wa ng'ombe katika Usukuma na Unyamwezi ulizidi kuliko nguvu za polisi, ambao vituo vyao vilikuwa mbali na magari yao hayana mafuta. Kati ya 1981 na 1982, upande wa Kahama, mpakani mwa mikoa ya Shinyanga na Tabora, wanavijiji walianza kujilinda wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi. Mwizi akionekana, filimbi ilipigwa, kijiji cha pili kikaipokea, na cha tatu, hata mwizi akakosa njia. Hakuna serikali iliyoyaanzisha makundi haya, na kwa sababu hiyo majina yake yana uhai ambao majina ya ofisini hayana.

Sungusungu ni chungu weusi wanaouma, wanaokwenda wengi pamoja. Mmoja wao si kitu, lakini hakuna mnyama anayekaa njiani mwao. Jina la pili lilikuwa busalama. Tazama safari yake: salama ni neno la Kiarabu, likaingia katika Kiswahili, Wasukuma wakalivika kiambishi chao bu-, likawa jina la kitu na la chama, na wanachama wakaitwa basalama. Mkuu wa kundi naye, katika vijiji vingi, aliitwa ntemi. Cheo kilichofutwa na sheria 1963 kiliokotwa na wanakijiji miaka kumi na tisa baadaye, si kwa kumrudisha mtemi wa zamani, bali kwa kuwa hawakuwa na neno jingine la mamlaka ambayo watu huyatii bila ya kulipwa.

Ray Abrahams, aliyeandika juu ya makundi haya mwaka 1987, ameonyesha jinsi vyombo vya serikali vilivyogawanyika. Polisi na mahakimu hawakupendezwa. Viongozi wengine wa sungusungu walikamatwa na kushitakiwa. Chama na Mwalimu Nyerere waliwaunga mkono. Ni rahisi kuona sababu ya pande zote mbili. Ng'ombe walirudi, njia zilipitika usiku, na hazina haikutoa hata senti moja. Lakini makundi hayo yalitoza faini, yalipiga watu, na yalikuwa na adhabu ya kumtenga mtu, hata asisemezwe wala asipewe moto. Baya zaidi, katika siku za kwanza uchawi uliwekwa pamoja na wizi. Na katika nchi ambayo macho mekundu ya kikongwe aliyepika kwa samadi maisha yake yote yalitosha kumtia tuhumani, wako wanawake wazee waliofukuzwa na waliouawa. Majina yao hayamo katika kitabu chochote cha makadirio ya matumizi ya serikali. Nayo ni gharama, kwa maana ile kali ya Kiarabu niliyoitaja mwanzo.

Mwaka 1989 bunge lilirekebisha sheria za mgambo, likayaingiza ndani yake makundi yanayofanya kazi kwa idhini ya serikali, na likayataja kwa majina, wasalama na sungusungu. Hivyo salama, iliyokuwa imetoka Kiswahili ikaenda Kisukuma ikavaa bu- na ba-, ilirejea nyumbani ikiwa na wa-. Sijui neno jingine lililofanya safari hiyo na kuishia katika kitabu cha sheria. Mwanzo wa miaka ya 1990, Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, serikali iliagiza sungusungu wawekwe mijini pia. Kuanzia hapo neno lilianza kupoteza maana yake, maana mtaa wa Dar es Salaam si kijiji cha Kahama: wapangaji hawajuani, wanahama, na mwenye nacho humlipa kijana asiye na kazi ashike zamu yake, kama matajiri wa Uingereza walivyofanya kabla ya Peel. Kilichoanza kuwa zamu kikawa mchango, na mchango ni kodi isiyokuwa na stakabadhi. Mwenye chumba kimoja na mwenye ghorofa aghalabu hutoa sawasawa.

Baada ya 2006, Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, yalienea maneno mapya mawili: ulinzi shirikishi na polisi jamii. Hayamo katika muda niliojiwekea, lakini siwezi kuyapita bila ya kuyagusa kwa upande wa sarufi. Shirikishi limetokana na kushirikisha, kitenzi cha kusababisha. Katika kushiriki, mtendaji ni mwananchi. Katika kushirikisha, mtendaji ni mwingine, naye mwananchi ni mtendwa. Zamu haikuhitaji kiambishi hicho. Ama polisi jamii, ni nomino mbili zilizowekwa sambamba bila ya kiunganishi -a. Lingekuwa polisi wa jamii, tungejua kwamba polisi ni watumishi na jamii ndiyo mwenye mali. Lingekuwa jamii ya polisi, tungejua kinyume chake. Kwa kuwa -a haipo, neno laweza kusomwa ama kwamba polisi wamekuwa karibu na jamii, ama kwamba jamii imekuwa polisi. Na katika mkutano wa mtaa, ofisa anayeeleza habari za polisi jamii hutumia maana ya kwanza anapozungumza juu ya heshima, na maana ya pili anapofika kwenye orodha ya watakaolinda usiku.